Hati ya uwakili hukoma mwenye mali akifariki

Pole sana kwa msiba, dada. Kaka yako anasema anaweza kuuza ploti ya Kayole kwa kuwa mzee alimwandikia hati ya uwakili, yaani ruhusa ya kutenda kwa niaba yake. Hawezi. Hati hiyo ilikoma siku mzee alipofariki, hata kama ilisajiliwa na ina mihuri yote. Akiuza sasa anaingilia mali ya marehemu, na kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinalihesabu hilo kuwa kosa la jinai. Mnunuzi naye anaweza kupoteza hela zake zote, na inaniuma kuona watu wakinaswa hivi hapa Nairobi.

Anzeni kwa chifu. Barua yake itaje warithi wote, mama yenu na dada zako walioolewa wakiwemo. Yasomeni majina moja moja kabla hajagonga muhuri, maana hapo ndipo mabinti huachwa nje. Kisha nendeni mahakamani kuomba usimamizi wa mirathi, yaani hati ya kusimamia mali aliyoiacha mzee. Tangazo hutoka kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi ana siku 30. Ploti haiuzwi kabla mahakama haijathibitisha hati ya usimamizi, kwa kawaida miezi 6 baada ya kuitoa.

Yale maneno ya mzee hospitalini kuhusu mali yake msiyapuuze. Wosia wa mdomo hukubalika ikiwa mashahidi walikuwa wawili au zaidi na aliyeusema akafariki ndani ya miezi 3. Mama na shangazi walimsikia, basi kila mmoja aandike alichosikia, leo hii, kivyake.