Notsi elfu mbili na hazipatikani: jenga faharasa kabla ya kuongeza folda

Mkuu uliyeuliza, kwa maelezo yako wewe ni afisa ugani, una notsi kama elfu mbili kwenye Obsidian (programu ya kuandikia na kuunganisha notsi), folda arobaini na tagi zisizohesabika, na bado ukihitaji kitu unaishia kukigugo upya. Unauliza uongeze folda au uhamie programu nyingine. Usifanye hata moja. Kila notsi yako ina mlango mmoja tu, nao ni lile neno lililokuwa kichwani siku unaandika. Folda mpya haiongezi mlango.

Chukua kantangaze, mdudu anayeshambulia nyanya. Notsi ya shambani umeiita hivyo, ya semina umeiandika "Tuta absoluta", ya tatu "nondo wa nyanya". Mdudu ni mmoja, na notsi tatu hazijuani. Chagua jina moja liwe la faili, mengine yaweke kama majina mbadala (aliases) juu kabisa ya notsi hivi:

---
aliases:
  - Tuta absoluta
  - nondo wa nyanya
---

Vistari vitatu vya kwanza lazima viwe mstari wa kwanza wa faili. Ukiacha hata mstari mmoja mtupu juu yake, Obsidian itayasoma hayo kama maandishi ya kawaida. Nafasi zipigwe kwa spesi, siyo Tab. Baada ya hapo ukiandika [[nondo, programu yenyewe inakuletea Kantangaze. Fanya vivyo hivyo kwa viwavijeshi vamizi na Spodoptera frugiperda, na kwa kila kitu chenye jina la wakulima na jina la maabara.

Jina la faili liseme jambo. "Nyanya 3" haimsaidii mtu. "Mitego ya feromoni hunasa nondo dume tu wa kantangaze" unaielewa bila kuifungua. Epuka alama : ? * / \ | < > na nukuu mbili kwenye majina, maana Windows inazikataa, na faili iliyoanzia kwenye kompyuta ya aina nyingine itakwama wakati wa kusawazisha. Tarehe iandikwe 2025-03-14, mwaka mbele, ili mafaili yajipange yenyewe.

Sasa kutafuta, na hapa ndipo wengi wetu tunaoandika Kiswahili tunaumia. Maneno yetu yanabadilika mwanzoni, kwa hiyo tafuta kipande kisichobadilika. "gonjwa" inaleta ugonjwa na magonjwa. "dudu" inaleta mdudu na wadudu. "nyunyiz" inashika kunyunyizia, amenyunyiza na unyunyizaji. Yale yanayogeuka kabisa andika yote mawili: jiwe OR mawe. Obsidian inakubali kipande cha katikati ya neno. Joplin, programu nyingine ya notsi, kwa kawaida inatafuta neno zima, hivyo "gonjwa" haitakupa "magonjwa" mpaka utangulize mkwaju: /gonjwa.

Kuna mtego mwingine ambao watu hawauoni kwa sababu hauonekani: ng'ombe. Kibodi ya simu au Word inaweza kuigeuza ile alama ya juu kuwa iliyopinda (’), wakati wewe kwenye kisanduku cha kutafutia unapiga iliyonyooka ('). Kwa macho ni kitu kilekile, kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti, na notsi zako za mifugo zinapotea nusu. Kwenye iPhone zima "Smart Punctuation" katika mipangilio ya kibodi. Kwenye Word zima ubadilishaji wa alama za nukuu katika AutoCorrect. Zilizokwisha kuharibika zibadilishe kwa mkupuo kwa VS Code (programu ya kuhariri mafaili ya maandishi), ukishanakili folda nzima pembeni. Kwa leo, tafuta "ombe" tu.

Faharasa yenyewe ni notsi moja, iite "00 Faharasa" ili ikae juu. Usiipange kialfabeti tupu, maana nusu ya maneno yatarundikana kwenye K, M na U. Gawa kwanza kwa zao au mifugo, ndani yake weka nomino katika umoja. Kila neno lipewe linki tatu, zikizidi sana nne, za notsi unazoanzia kusoma. Ukitaka kuorodhesha kila notsi inayotaja mnyauko umerudia kazi ya kitafutio. Niklas Luhmann, mwanasosholojia wa Ujerumani aliyeacha kadi karibu 90,000 za karatasi, ndivyo alivyofanya: rejista yake ilitaja kadi chache tu kwa kila neno, na safari iliyobaki aliifuata kwa marejeo kutoka kadi hadi kadi. Neno likihitaji linki kumi, lifungulie notsi yake yenye sentensi moja moja inayoeleza kwa nini kila linki ipo pale. Orodha ya linki bila maelezo baada ya miezi sita huielewi hata wewe mwenyewe.

Tagi ziachie hali ya notsi, siyo mada: #hakiki, #mbichi, #msimu/2025. Tagi ya tarakimu tupu kama #2025 Obsidian haiitambui, wala yenye nafasi katikati. Folda nne zinatosha: Kikasha, Notsi, Vyanzo, Picha. Kuhamisha faili kufanyike ndani ya Obsidian ili linki zirekebishwe. Ukihamisha kwa kidhibiti faili cha simu hazirekebishwi.

Vipeperushi ulivyoskani ni picha, kitafutio hakioni maneno yake. Skani kwa 300 dpi, kisha tumia ocrmypdf, programu inayosoma maneno yaliyo kwenye picha, kwa kuandika amri hii kwenye kompyuta: ocrmypdf -l swa+eng kipeperushi.pdf tayari.pdf. Hakikisha umesakinisha data ya lugha "swa" ya Tesseract, yaani kisomaji ambacho ocrmypdf inakitegemea, la sivyo itagoma. Kitafutio cha Obsidian chenyewe hakisomi ndani ya PDF, kwa hiyo maandishi yaliyopatikana yanakili kwenye notsi. Majedwali ya vipimo vya dawa yasome kwa macho baada ya hapo, kwa sababu nukta ya desimali ikidondoka 2.5 inakuwa 25, na hilo mkulima atalinyunyiza.

Usizifumue zote elfu mbili. Anza na maneno thelathini unayoulizwa zaidi na wakulima, yajaze kwenye faharasa wiki hii. Nyingine irekebishe siku utakayoifungua kwa kazi: jina, aliases, linki moja ya kuingia, basi. Zile ambazo msimu mzima hazijafunguliwa ziache zilivyo, kitafutio kinazitosha.