Ukikabidhiwa kituo cha utafiti wa nyasi, anza na madaftari

Nilipokabidhiwa ukurugenzi wa kituo cha chuo kikuu kinachotafiti nyanda za nyasi, nilipewa funguo, bajeti na orodha ya kamati za kuhudhuria. Hakuna aliyenionyesha madaftari ya uwandani, yale yenye kumbukumbu za vipimo vya viwanja. Niliyakuta mwenyewe miezi kadhaa baadaye, yamefungwa kamba juu ya kabati. Ndiyo maana kila anayeingia kwenye kazi hii akiniomba ushauri namwambia: kabla hujagusa mpango mkakati, yatafute madaftari uyasome.

Nyasi hujibu polepole. Huko Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo Uingereza, jaribio la Park Grass lilianza mwaka 1856 kwa swali la mkulima: mbolea gani itaongeza majani makavu ya mifugo? Swali hilo lilijibiwa zamani, lakini viwanja vimeendelea kukatwa na kupimwa hadi leo. Visivyotiwa mbolea vina spishi zaidi ya 30. Vilivyotiwa mbolea ya amonia kwa wingi bila chokaa vimebaki na spishi chache mno, udongo wake umejaa tindikali. Kule Konza, kituo cha utafiti wa nyasi katika jimbo la Kansas, Marekani, kuna maeneo yanayochomwa kila mwaka, mengine kila baada ya miaka 2, 4 au 20, na yale yanayochomwa kwa nadra yanamezwa na vichaka. Mkurugenzi anayepanga moto wa miaka 20 anampangia kazi mtu asiyemjua.

Mimi hilo nililielewa kwa kuumia. Mwaka wangu wa pili nilihamisha fedha za kupima viwanja vyetu vya kudumu kwenda kwenye mradi mpya uliokuwa na mfadhili mkubwa. Misimu 2 tu, nilijiambia. Katikati yake ukaja ukame. Tuliporudi uwandani, spishi kadhaa hazikuwepo, na hatukuweza kusema kama zimeuawa na ukame au zilikuwa zimeshaanza kutoweka kabla. Pengo lile lipo kwenye kila grafu tunayochora na halizibiki. Ukilazimika kupunguza, punguza warsha, punguza safari, hata ukubwa wa ripoti ya mwaka. Upimaji usiuguse.

Halafu kuna watu. Kutambua nyasi yenye maua ni rahisi. Kuitambua ikiwa majani matupu, kwa kuangalia vinyweleo na pale jani linapokutana na shina, huchukua miaka kujifunza. Kituo chetu kilikuwa na fundi mmoja mwenye ujuzi huo, akiishi kwa mikataba ya miezi michache. Niliomba ajira yake ya kudumu kabla ya kuomba gari jipya, na ningefanya hivyo tena. Mpe pia kijana wa kufuatana naye kila msimu, asije akastaafu na macho yake.

Wafugaji nao wasiitwe kujaza dodoso tu. Mfugaji mmoja alisimama kando ya uzio wetu akauliza kwa nini nyasi za ndani ni nyingi lakini zimekufa. Alikuwa sahihi: pasipo mnyama wala moto, majani makavu yalikuwa yamerundikana na kuyanyima machipukizi mwanga. Mwaka uliofuata tuliongeza viwanja vya kulishia, na swali lake likawa sehemu ya utafiti.

Kuhusu siasa za chuo nitasema moja. Kituo kinachounganisha wanaikolojia, wanauchumi na wanahistoria hugeuka yatima haraka, kwa hiyo pata makubaliano ya maandishi na kila idara kuhusu muda wa wahadhiri wake.

Jiandae pia kwa mfadhili anayesikia habari za kuhifadhi kaboni inayotolewa hewani akawaza miti. Mwonyeshe shimo. Sisi tulichimba mfereji pembeni mwa uwanda, ukuta wake ukaachwa wazi ili mgeni aone mizizi inavyoshuka, maana sehemu kubwa ya kaboni ya nyanda hizi iko chini ya ardhi. Ukipanda miti kwenye uwanda wa asili, kivuli kinaua mimea inayopenda jua. Nimekataa fedha za aina hiyo, na nilikuwa na mishahara ya kulipa.

Siku ya kukabidhi, nilimwachia aliyenifuata ratiba ya moto na ukataji ya miaka 15 ijayo, na fedha za upimaji kwenye kifungu chake peke yake, imesainiwa na mkuu wa kitivo.