Nani abaki na mbuzi wangu wiki tatu?

*Shangazi, shikamoo. Niko Pongwe, Tanga. Nina mbuzi watano wa maziwa. Wawili nawakamua, mmoja ana mimba. Mwezi ujao nampeleka mama Muhimbili, wiki tatu. Safari iliyopita nilimwachia mtoto wa kaka. Niliporudi nilikuta chuchu moja imekufa, naye anasema hajui kilichotokea. Safari hii nimwachie nani?*

Marahaba mwanangu, pole kwa kuuguza. Usitafute ndugu asiye na kazi. Tafuta jirani anayekamua mbuzi wake mwenyewe asubuhi na jioni, aje bandani kwako. Usiwapeleke kwake, maana mbuzi wakichanganywa huambukizana minyoo, kupe na homa ya mapafu.

Kabla ya kumwita, mpunguzie kazi. Mbuzi anayetoa chini ya nusu lita mkaushe kuanzia leo: ondoa pumba kidogo kidogo, kisha acha kumkamua. Yule mwenye mimba mhesabie siku 150 tangu apandwe. Tarehe ikiangukia safarini, msaidizi awe mtu aliyewahi kuzalisha mbuzi, na ajue kwamba mbuzi akisukuma nusu saa bila kitu kutoka, anampigia bwana mifugo simu papo hapo.

Sasa ile chuchu. Huenda chanzo ni kukamua nusunusu. Maziwa yakibaki kiweleni vijidudu huzaliana, kiwele kinakuwa kigumu na cha moto, na asiyekigusa hajui mpaka kimeharibika. Kwa hiyo mfundishe hivi: anawe mikono, akamue mikamuo miwili ya kwanza kwenye kikombe cheusi, atazame. Akiona mabonge, majimaji au damu, hiyo ni dalili ya ugonjwa wa kiwele. Mbuzi huyo akamuliwe wa mwisho, na wewe upigiwe siku hiyohiyo.

Mwite siku nne kabla ya safari. Siku mbili akutazame, mbili umtazame wewe bila kumwelekeza. Anayeangalia maji kabla ya kumwaga pumba anajua kazi.

Pumba mpimie robo kilo kwa kila mbuzi kila anapokamuliwa, na gunia lililobaki lifungie ndani. Mbuzi akilia mtu humwonea huruma, humwongezea, na pumba nyingi kwa mkupuo huchachusha tumbo; mbuzi analala, hacheui, na anaweza kufa. Majani ya muhogo mabichi asiwape kabisa, yana sumu. Malishoni watoke umande ukishakauka.

La malipo ndilo linaloharibu wengi. Usiseme "mbuzi akifa utalipa". Ukisema hivyo, atakuficha anayeumwa. Mpe nusu kabla, nusu ukirudi, na maziwa ya jioni yawe yake, ili akamue mpaka tone la mwisho. Mwambie waziwazi kwamba habari ya mbuzi mgonjwa haimpunguzii hata shilingi. Mbuzi akifa ghafla, asimchune wala asimle: huenda ni ugonjwa wa kimeta, nao huua watu. Amfunike alipo, awafukuze mbwa, amwite bwana mifugo. Namba yake iandike kwa mkaa mlangoni mwa banda.