Kutafuta vigawo bila kubahatisha mabano

Swali: Shikamoo mwalimu. Mtajo kama x² + 5x + 6 naumudu: natafuta namba mbili ambazo zao lake ni 6 na jumla yake ni 5. Lakini nikikutana na 6x² + x − 12 nakwama. Najaribu mabano haya na yale mpaka karatasi inajaa. Je, kuna njia ya uhakika? Na nitajuaje kama mtajo hauna vigawo?

Jibu: Marahaba. Njia ipo, tena ni ileile unayoijua, ila inaanzia mbele kidogo. Zidisha namba ya kwanza na ya mwisho: 6 × (−12) = −72. Sasa tafuta namba mbili ambazo zao lake ni −72 na jumla yake ni 1, ile iliyo mbele ya x. Zao ni hasi, kwa hiyo moja ni chanya na nyingine hasi. Jumla ni ndogo, kwa hiyo zinakaribiana ukubwa. Basi usihangaike na 1 na 72. Anzia karibu na kipeuo cha pili cha 72, utazipata hapohapo: 9 na −8.

Vunja x ya katikati, kisha toa kigawo cha shirika kila upande:

6x² + 9x − 8x − 12
3x(2x + 3) − 4(2x + 3)
(2x + 3)(3x − 4)

Hapo kwenye −4 ndipo wengi wanapoteleza. Wanaandika −4(2x − 3), kumbe −4 mara −3 ni +12. Mabano mawili yasipofanana, rudi ukague ishara kwanza.

Kwa nini tunazidisha namba za pembeni? Naomba hili ulielewe, usilikariri. Ukifungua (px + q)(rx + s) unapata prx² + psx + qrx + qs. Zidisha ps kwa qr: ni pr × qs, yaani namba ya kwanza mara ya mwisho. Sehemu mbili za katikati zilijumlishwa zikawa moja. Wewe unazitenganisha tena. Kwa 6x² + x − 12, zilikuwa 9x na −8x.

Kuhusu swali lako la pili, kokotoa b² − 4ac, ambapo a ni namba iliyo mbele ya x², b ni iliyo mbele ya x, na c ni ya mwisho. Kwetu ni 1 + 288 = 289, ambayo ni 17 × 17. Ikiwa ni mraba kamili, vigawo vya namba kamili vipo. Badili −12 iwe −11 na utapata 265, ambayo si mraba. Hapo acha kutafuta mabano. Kama ni mlinganyo unaotatua, tumia kanuni ya jumla au kamilisha mraba. Majibu yake yatakuwa na kipeuo cha 265 ndani.

Na ukipewa 12x² + 2x − 24, toa 2 nje kwanza. Utabaki na mtajo wetu uleule.