Maumivu si sehemu ya mapenzi

Dada yangu, umesema mlijaribu njia ya nyuma mara moja kwa mafuta ya nazi na kondomu, ukaumia, na sasa mume anataka tena. Kwanza: wewe unataka? Kama hutaki, mwambie hapana, yatoshe.

Kama mnataka wote, acheni mafuta. Ya nazi, ya kupikia, ya kujipaka, yote huidhoofisha kondomu ya mpira ikapasuka. Njia hiyo haijilainishi yenyewe kama uke, na ngozi yake ya ndani ni nyembamba, huchanika upesi. Ndiyo maana VVU hupita hapo kwa urahisi kuliko ukeni. Nunueni kilainishi cha maji duka la dawa, pakeni kingi, ongezeni kikikauka. Anzeni na kidole, kucha zikiwa fupi, nawe ndiwe uongoze mwendo. Ukisikia maumivu, asimame papo hapo. Dawa ya ganzi msiguse kabisa, tafadhali, maana itakuficha jeraha.

Mkihamia mbele, badilisheni kondomu, la sivyo unaweza kupata UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Damu ikiendelea kutoka, nenda kituo cha afya, usione haya.