Maswali yenu: Jua, sayari na baridi ya Julai

Kuna ujumbe WhatsApp unasema Dunia imeingia "afelio" (pale Dunia inapokuwa mbali zaidi na Jua katika mwaka), imesogea kutoka kilomita milioni 90 hadi milioni 152 mbali na Jua, ndiyo maana Dodoma kuna baridi na mafua. Ni kweli? (Msomaji, Chamwino)

Si kweli. Ujumbe huo hurudi kila mwaka na kila mwaka watu wazima wanausambaza bila kuhoji. Hiyo milioni 152 ni sahihi, milioni 90 imetungwa. Mapema Januari tuko kilomita milioni 147 kutoka kwenye Jua, mapema Julai milioni 152. Tofauti ni kama asilimia 3 tu. Umbali ungekuwa ndio unaoleta baridi, Ulaya nao wangetetemeka Julai, na huo ndio msimu wao wa joto. Kisa ni mhimili wa Dunia, ulioinama nyuzi 23.4. Julai upande wetu wa kusini umeegemea mbali na Jua. Toka uani saa sita mchana utazame kivuli chako: kinaangukia kusini, maana Jua liko kaskazini. Halafu Dodoma iko juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na usiku usio na mawingu joto la ardhi linapotea haraka. Mtoto akichemka mwili, mpelekeni akapimwe malaria. Msikae mkisingizia afelio.

Jua liko umbali gani? (Wengi)

Kilomita milioni 150 kwa wastani. Hilo "kwa wastani" msiliache mnaponakili.

Chati ya darasani kwetu imepanga sayari kwa nafasi sawa. Niitumie? (Mwalimu, Kongwa)

Kwa majina, sawa. Kwa umbali, ishushe ukutani, inawapotosha watoto. Watolee mfano wa barabara ya Dar. Jua liwe Dodoma mjini, Neptuni iwe Dar es Salaam, kilomita 450. Zebaki itakuwa kilomita 6 tu kutoka mjini, Zuhura 11, Dunia 15, karibu na Ihumwa, Mirihi 23. Hapo sayari nne zimeshakwisha na safari ndiyo kwanza imeanza! Mshtarii utaikuta kabla ya Kibaigwa, Zohali ukishaipita Gairo, Uranusi mbele ya Morogoro. Kwa kipimo hicho Jua lina upana wa mita 140, Dunia mita moja na robo. Wanafunzi wapige hesabu wenyewe, wasikaririshwe.

Zebaki ndiyo jirani wa Jua, mbona Zuhura ina joto zaidi? (Mwanafunzi, Mpwapwa)

Zuhura imefunikwa na hewa nzito ya kaboni dayoksaidi inayozuia joto lisitoke, kwa hiyo inafika nyuzi 465 za Selsiasi, usiku na mchana. Zebaki karibu haina hewa. Usiku wake unashuka hadi nyuzi 180 chini ya sifuri.

Pluto iko mbali kuliko Neptuni? (Msomaji, Singida)

Mara nyingi ndiyo. Ila njia yake imerefuka upande mmoja, na kuanzia 1979 hadi 1999 ilikuwa karibu na Jua kuliko Neptuni. Anayekupa namba moja ya umbali wa Pluto, muulize ni ya mwaka gani.