Mzee akishadungwa lutetiamu, wajukuu wakae wapi?

Ndugu wa Kakamega, umeuliza kama mzee wenu akidungwa lutetiamu-177, dawa yenye mionzi, kwa saratani ya tezi dume atawadhuru wajukuu. Baba mdogo wangu hapa Nakuru alipitia hayo, nami ndiye niliyekuwa nikimpeleka.

Dawa hiyo haiwekwi stoo. Nusu-maisha yake ni siku 6.6 hivi, maana yake wiki moja tu ikipita, zaidi ya nusu ya mionzi imeisha. Huzalishwa kwenye mtambo wa nyuklia, kwa mfano kwa kupiga metali iitwayo itabiamu-176 kwa nyutroni (chembe ndogo za atomu), na tangu hapo inapungua, iwe njiani au hospitalini. Kwa hiyo mkipewa tarehe, msiichezee. Sisi tulilala Nairobi usiku wa kuamkia siku yenyewe. (Jirani aliuliza kama ndiyo madini adimu ya kilima cha Mrima kule Kwale. Ni ya ukoo huo, ila lutetiamu ya ardhini karibu yote haina mionzi.)

Dawa hunata kwenye protini ya PSMA iliyojaa kwenye seli za saratani hiyo, ndiyo maana kwanza mtu hupigwa skani kuona kama anayo. Miale yake ya beta, ndiyo inayoua saratani, haivuki milimita 2 hivi mwilini. Inayotoka nje ya mwili ni miale ya aina nyingine, gama, kidogo tu, na hiyo ndiyo inayoleta masharti nyumbani: siku 2 za kwanza asikaribiane na watu chini ya mita moja; kwa watoto na wajawazito ni siku 7, na mjamzito asilale chumba kimoja na mzee kwa siku 15. Hospitali yenu ikiwapa masharti makali zaidi, fuateni hayo.

Kazi kubwa ni mkojo, maana dawa isiyonata hutokea huko. Anywe maji kwa wingi, akojoe ameketi, aflashi mara mbili, anawe vizuri. Kama boma lenu lina choo cha shimo, waulizeni hospitali mapema.

Kurudi, tulikodi gari, mzee akakaa nyuma kushoto, mbali na dereva. Matatu hadi Kakamega, saa nyingi amebanana na mama mjamzito asiyemjua? Hapana.

Dozi huwa hadi 6, moja kila baada ya wiki 6, na damu hupimwa kabla ya kila moja. Jambo lingine, tezi za mate nazo huivuta dawa, kwa hiyo kinywa hukauka. Wetu alikataa nyama choma akataka mboga laini, na huko kwenu mrenda hamkosi.